Pistoni Haipozwi na Maji, Hupozwa na Oili

Hapana dereva wa kikosi asiyetamani gari lake lipande mlima bila ya kuugua. Kwa ajili hiyo wako wanaomwendea fundi na kumtaka aifungie injini ya dizeli tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, dizeli nayo huongezwa, na nguvu hupatikana. Lakini joto nalo huzidi, na mzigo wa joto hilo huiangukia pistoni.

Yafaa tufahamu kwamba maji ya rejeta hayaifikii pistoni kamwe. Huzunguka nje ya silinda tu. Joto la pistoni hutoka kwa njia mbili: kupitia ringi zake kwenda kwenye ukuta wa silinda, na kupitia oili inayoirukia kutoka chini. Moto unaowaka juu yake hupita nyuzi 2,000 za sentigredi, hali alumini, ambayo ndiyo madini ya pistoni nyingi, huyeyuka kwenye nyuzi 660 na hulegea mapema zaidi.

Land Rover, gari lisilo geni kambini wala vituoni, latupa fundisho. Mwaka 1986 kiwanda chake huko Uingereza kilitoa injini ya dizeli ya lita 2.5 yenye tabo, ya nguvu za farasi 85. Bloku yake ilitokana na ile ya injini isiyo na tabo. Wahandisi waliibadili krenki, pistoni na vali za kutolea moshi, wakaongeza na kipozea oili. Hata hivyo injini za awali zilipata sifa mbaya ya kupasuka pistoni, na mwaka 1988 ikabidi bloku irekebishwe. Injini ya Tdi iliyofuata mwaka 1989 ilikuwa na vinyunyizio vidogo vinavyorusha oili kwenye tumbo la pistoni.

Ikiwa wenye kiwanda walitaabika hivyo, atasalimikaje anayefunga tabo na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa? Hata vinyunyizio havitoshi peke yake, kwani navyo hunywa oili. Pampu ikiwa dhaifu, beringi za krenki zitakufa njaa. Ndiyo sababu vingi huwekewa vali inayofunguka pale tu shinikizo la oili litoshapo.

Kwa hiyo twawaasa ndugu zetu askari na polisi: pimeni oili kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare. Badilisheni oili na filta kwa wakati wake. Mkitoka safari nzito, iacheni injini ingurume polepole kitambo kabla ya kuizima, ili tabo ipoe huku oili ikipita. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, simameni na kuizima injini, hata kama safari ni ya haraka. Gari lililosimama kuongezwa oili litachelewa, lakini litafika. Lililotoboka pistoni litawaacha porini, na mwenzenu anayengoja msaada hatauona.