Kuupima Mti Kabla ya Kuukata

Mnunuzi wa miti iliyosimama shambani hulipia kitu asichoweza kukiona. Unene na unyoofu wa shina huonekana. Ubora wa mbao zilizomo ndani hauonekani. Katika mashamba ya misindano ya Mufindi na Njombe, miti miwili yenye unene uleule yaweza kutoa mbao zinazotofautiana mno kwa uimara. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa vipimo vinavyofanywa bila kuuangusha mti.

Kipimo tunachokithamini zaidi ni cha mwendo wa sauti. Mpimaji hupigilia vijiti viwili vya chuma katika upande mmoja wa shina, kimoja juu ya kingine, kisha hugonga kimojawapo kwa nyundo. Kifaa huhesabu muda ambao mshindo umetumia kukifikia kijiti cha pili. Tuseme vijiti vimeachana kwa mita 1.2. Mshindo ukitumia sehemu 300 za milioni ya sekunde, mwendo wake ni mita 4,000 kwa sekunde. Ukitumia 400, ni mita 3,000. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana ukakamavu wa mbao hufuata kipeo cha pili cha mwendo. Iwapo miti hiyo ina uzito sawa kwa ujazo, mbao za mti wa kwanza zinakaribia kuwa na ukakamavu maradufu ya zile za mti wa pili. Kwa anayenunua mbao za kenchi, hilo ndilo litakaloamua kama paa litabaki limenyooka au litabonyea.

Miti michanga kwa kawaida huonyesha mwendo mdogo, hata ikiwa imenenepa haraka. Mbao za miaka ya mwanzo, zile zinazokizunguka kiini, ni dhaifu na hupinda zinapokauka. Muuzaji anayesifu unene peke yake aulizwe umri.

Kipo pia kifaa kinachofyatua sindano ya chuma kwa nguvu ileile ya springi kila mara: kadiri inavyozama, ndivyo mbao zilivyo nyepesi. Keekee yenye sindano nyembamba, kwa upande wake, hupekecha hadi ndani na kuchora mstari wa ukinzani. Mstari ukishuka ghafla, pashukiwe uozo au uvungu. (Kugonga shina kwa nyundo na kusikiliza, kama wafanyavyo wazoefu wa msituni, hugundua uvungu mkubwa tu.)

Mshindo hupita zaidi katika mbao za nje, ambazo ndizo zilizokomaa, hivyo mti uliosimama mara nyingi husomeka vizuri kuliko gogo lake. Tunashauri vipimo hivi vitumike kulinganisha miti ya shamba na shamba, wala visichukuliwe kuwa dhamana. Kabla ya kutoa malipo ya awali, chagua mwenyewe miti ya kupimwa, pamoja na ile ya katikati ya shamba. Kila mti upimwe pande mbili, mbali na vifundo, na matokeo yaandikwe pamoja na umri wa miti katika hati ya mauzo.