Kuku wa Kijapani bila karai la mafuta: Nani anapata, nani anakosa?

MPISHI wa nyumbani nchini Japani anayetaka kula kuku wa kukaanga ana njia tatu. Anaweza kuchemsha mafuta kwenye karai, kununua kuku aliyekwisha kaangwa dukani, au kutumia kikaangio cha hewa. Kila njia ina gharama yake, na kila moja inapeleka fedha kwenye mfuko wa mfanyabiashara tofauti.

Kikaangio cha hewa, ambacho madukani huitwa ea fraya, kimeuzwa kwa ahadi mbili: chakula kinacholia kacha kacha mdomoni, na mafuta kidogo. Kwa vyakula vya Kijapani, ahadi ya kwanza inatimia kwa baadhi ya vyakula tu. Ya pili ni ya kweli, lakini faida yake kwa fedha taslimu ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Anayefikiria kuagiza mashine hizi, au kununua hisa za makampuni yanayozitengeneza, hana budi kuzipima ahadi zote mbili kwa kalamu na karatasi.

BEI IMESHUKA

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikionyesha kikaangio chake mwaka 2010 katika maonyesho ya IFA mjini Berlin. Kiliingia Japani mwaka 2013 kwa jina la Non-Fryer, kwa bei ya karibu yen 30,000. Wazo lenyewe halikuwa geni kwa Wajapani. Tangu mwaka 2004 kampuni ya Sharp ilikuwa ikiuza Healsio, tanuri linalopika kwa mvuke wenye joto kali, likitangazwa kuwa linapunguza mafuta katika chakula.

Hivi sasa mashine ndogo za aina hii hupatikana Japani kwa chini ya yen 10,000. Sababu haifichiki. Ndani ya mashine mna waya wa joto, feni, kikapu na kidhibiti cha joto, na viwanda vingi vya China vinaweza kuviunganisha. Bidhaa ya namna hiyo haikawii kushuka bei, na faida ya muuzaji wa mashine hushuka nayo.

HAIKAANGI, INAOKA

Licha ya jina lake, kikaangio cha hewa hakikaangi. Ni tanuri dogo lenye feni kali inayozungusha hewa ya moto hadi nyuzi joto 200 hivi. Mafuta ya moto kwenye karai, yakiwa na nyuzi 170 hadi 180, hukizingira chakula pande zote kwa mara moja na kuyafukuza maji ya juu kwa haraka sana. Hewa haibebi joto kwa wingi kama mafuta. Kwa hiyo inahitaji chakula ambacho nje yake tayari ni kikavu, na ambacho kimepakwa mafuta kidogo ili kipate rangi.

Hapo ndipo vyakula vya Kijapani vinapogawanyika. Wajapani wana maneno tofauti kwa milio ya chakula kikavu. Chenga za mkate zilizokaangwa vizuri husemwa ni saku saku, yaani nyepesi na za kuvunjika upesi. Ganda gumu zaidi, kama la kuku aliyepakwa wanga, ni kari kari. Mashine inaiweza milio hiyo miwili. Inashindwa na ganda la rojo.

Tempura ndiyo mfano. Kamba au mboga huchovywa katika rojo jepesi la unga na maji baridi, kisha hutumbukizwa katika mafuta ambayo huligandisha papo hapo. Mapishi haya yanahusishwa na Wareno waliofika Japani katika karne ya 16. Ukiitia tempura mbichi katika kikapu cha mashine, feni hulisukuma rojo, nalo hudondoka chini kabla ya kushika. Kinachobaki ni kamba aliyeokwa na unga uliokauka vibaya. Msomaji wa pwani ataelewa upesi: bajia zitashindwa kwa sababu hiyo hiyo, lakini katlesi zenye chenga za mkate zitapata nafasi.

VYAKULA VINAVYOKUBALI

Cha kwanza ni karaage, kuku wa vipande. Paja la kuku lisilo na mfupa hukatwa vipande vya ukubwa sawa, vikalowekwa nusu saa katika sosi ya soya, tangawizi na kitunguu saumu. Wajapani wengi huongeza sake, yaani pombe ya mchele. Asiyetumia pombe anaweza kuiacha. Kisha vipande hufutwa maji na kupakwa katakuriko, wanga ambao zamani ulitoka katika mzizi wa ua la porini na ambao leo hutengenezwa kwa viazi, hasa vya Hokkaido.

Siri iko katika hatua inayofuata. Vipande huachwa dakika chache mpaka wanga unyonye unyevu wa nyama. Wanga mkavu mweupe ukiingia kwenye mashine hutoka vilevile, mweupe na wa vumbi. Baada ya hapo hunyunyiziwa mafuta kidogo na kupangwa bila kupandana, kwa nyuzi 190 hadi 200. Hupikwa dakika 12 hadi 15, na kugeuzwa katikati. Mwongozo wa Wizara ya Afya ya Japani unataka katikati ya nyama ifike nyuzi 75 kwa dakika moja, hivyo rangi pekee si ushahidi kwamba kuku ameiva.

Cha pili ni katsu, kipande bapa cha nyama ya nguruwe au kuku kilichovikwa unga, yai na chenga za mkate ziitwazo panko. Mgahawa wa Rengatei wa Ginza, Tokyo, uliofunguliwa mwaka 1895, ndio unaotajwa sana katika historia ya mlo huu. Chenga za panko ni kubwa na zenye matundu, na nyingine hutokana na mkate uliookwa kwa kupitisha umeme ndani ya kinyunga ili usifanye ganda la kahawia.

Wapishi wenye uzoefu huzikaanga kwanza chenga zenyewe. Gramu 50 za panko hutiwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwenye kikaango cha kawaida, zikakorogwa mpaka zigeuke rangi ya dhahabu, ndipo nyama ivikwe. Rangi na mlio vinakuwa vimekwisha patikana, na kazi ya mashine inabaki kuivisha nyama. Korokke, ambazo ni viazi vilivyopondwa pamoja na nyama ya kusaga, hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na kwa kuwa ndani yake kumekwisha iva, ndizo rahisi kuliko zote.

HESABU YA MAFUTA

Bei ya mafuta ya kupikia ndiyo iliyowafanya wengi waigeukie mashine hii. Mwezi Machi 2022 mawese yalipanda katika soko la Malaysia hadi zaidi ya ringgit 7,000 kwa tani, na kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei mwaka huo Indonesia ilisimamisha usafirishaji wake. Japani, inayoagiza nje sehemu kubwa ya mbegu zake za mafuta, ilishuhudia viwanda vyake vikipandisha bei zaidi ya mara moja.

Hata hivyo mashine inaokoa kiasi gani? Tuchukue mfano wa kukadiria. Karai la katsu za watu wawili linahitaji mililita 600 za mafuta. Lita ikiwa yen 500, hayo ni yen 300. Mafuta hayo yakitumika mara tatu kabla ya kumwagwa, kila mlo umebeba yen 100.

Kwa mashine, kijiko kimoja cha mafuta cha mililita 15 ni yen 7 na nusu. Mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi dakika 20 bila kupumzika hutumia karibu nusu yuniti ya umeme. Kwa bei ya kukadiria ya yen 31 kwa yuniti, inayotumiwa na wauzaji wa vyombo vya umeme Japani tangu mwaka 2022, hiyo ni yen 14 na nusu. Jumla ni yen 22. Akiba kwa kila mlo ni yen 78, bila kuhesabu gesi ya karai.

Mashine ya yen 10,000 basi itarudisha fedha yake baada ya milo 128 hivi. Kwa nyumba inayokaanga mara moja kwa wiki, hiyo ni karibu miaka miwili na nusu. Nyumba inayotumia mafuta yaliyobaki kupikia mboga, kama zinavyofanya nyumba nyingi, itangoja zaidi. Na familia ya watu wanne yenye kikapu kidogo italazimika kupika kwa awamu mbili, umeme mara mbili.

Anayeinunua kwa kuokoa mafuta tu, kwa hiyo, amefanya biashara ya polepole. Faida nyingine ndizo zinazoisukuma. Hakuna mafuta ya kurukia jiko wala ya kutupa, na hatari ya moto inapungua. Mafuta yaliyosahaulika jikoni hujiwasha yenyewe yakifika nyuzi 360 hivi, ndiyo maana tangu Oktoba 2008 Japani inalazimisha majiko mapya ya gesi ya nyumbani kuwa na kihisi cha kuzuia joto kupita kiasi.

MSHINDANI NI DUKA

Katika sensa ya mwaka 2020, takriban asilimia 38 ya kaya za Japani zilikuwa za mtu mmoja. Mtu wa peke yake hana sababu ya kuchemsha nusu lita ya mafuta kwa vipande vitano vya kuku. Amekuwa akinunua. Maduka ya Lawson yanauza Karaage-kun tangu mwaka 1986, na FamilyMart wana Famichiki tangu mwaka 2006. Maduka makubwa nayo hupanga tempura na korokke zilizokwisha kaangwa.

Tatizo la vyakula hivyo ni kwamba hulegea njiani. Mikrowevu huvilegeza zaidi. Kikaangio cha hewa huvirudishia mlio kwa dakika chache, hata tempura, kwa sababu rojo lake limekwisha shika. Kwa maneno mengine, mashine iliyotangazwa kuwa mpinzani wa mafuta imekuwa rafiki wa muuza vyakula vilivyokaangwa, na wa muuza vyakula vilivyogandishwa. Mwaka 2020 thamani ya vyakula vilivyogandishwa vilivyotengenezwa Japani kwa ajili ya majumbani iliipita ile ya migahawa na mahoteli. Janga la korona ndilo lililosukuma badiliko hilo, lakini soko lililobaki baada yake linamfaa mwenye mashine.

Kwa mwekezaji, somo ni kutazama kinachonunuliwa kila wiki. Mashine hununuliwa mara moja kwa miaka kadhaa. Panko, wanga, sosi na kuku wa kugandishwa hununuliwa siku zote. Philips wenyewe waliuza kitengo chao cha vyombo vya nyumbani kwa Hillhouse mwaka 2021, kwa thamani ya karibu euro bilioni 3.7. Instant Brands ya Marekani, iliyokuwa ikiuza vikaangio vya hewa pamoja na majiko ya presha, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Juni 2023. SharkNinja nayo iliingia soko la hisa la New York Julai mwaka huo huo. Bidhaa ni ile ile, hatima mbalimbali. Anayenunua hisa atazame madeni na ghala lililojaa kabla ya kutazama matangazo.

TAHADHARI KWA WAAGIZAJI

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaoagiza vyombo vilivyotumika kutoka Japani wana jambo moja zaidi la kuangalia. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Kwetu ni 230 hadi 240. Kikaangio cha Japani kikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya Dar es Salaam au Mombasa kitavuta zaidi ya mara tano ya nguvu kilichotengenezewa, na kitaungua. Transfoma ya kubeba wati 1,400 ni nzito na ina gharama; mara nyingi itaimeza faida yote. Mashine za volti 220 hadi 240 zilizotengenezwa kwa masoko ya nchi nyingine ndizo za kuagiza.

Aidha, muuzaji amweleze mteja ukweli kabla ya kupokea fedha. Aliyeahidiwa bajia atairudisha mashine. Aliyeonyeshwa katlesi, kuku wa wanga na namna ya kuzikaanga chenga kwanza atarudi dukani kununua chenga nyingine, na biashara ya chenga haingoji miaka miwili na nusu kurudisha mtaji.