Ukuta wa mtaa unavyokunyima afya

JE, msomaji, kutoka nyumbani kwako hadi dukani ni mwendo wa dakika ngapi? Usipime kwa macho. Huenda paa la duka unaliona dirishani, lakini ili ufike yakubidi utoke kwa lango kuu la mtaa, ushike barabara ya magari, uzunguke ukuta wa mtaa jirani, kisha uingie kwa lango lao. Mwendo wa dakika 4 umekuwa wa dakika 25. Basi wewe, kama wengi wetu, unaita bodaboda.

Hapo ndipo mwili unapoanza kulipa. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima aushughulishe mwili kwa angalau dakika 150 kila juma, na kutembea kwa haraka kunatosha. Anayeketi kutwa kazini, kisha akapelekwa na gari hadi mlangoni, anajiongezea hatari ya kupatwa na shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Njia zilikatika vipi? Tazama pembezoni mwa Nairobi, kule Ruiru au Kitengela. Shamba la mtu mmoja hukatwa ploti za futi 50 kwa 100. Mwenyewe hupitisha barabara moja katikati, nayo huishia kwenye ua. Jirani akiuza lake hufanya vivyo hivyo, bila kujali ile ya kwanza imeishia wapi. Ardhi ya barabara haiuzwi, kwa hivyo hakuna anayetaka kuiongeza! Baada ya miaka michache nyumba zimejaa, na hakuna pa kupenya. Linganisha na Mji wa Kale, Mombasa, ambako vichochoro ni vyembamba lakini kimoja hukutokeza kwenye kingine.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, waliochunguza ramani za barabara za dunia nzima, walieleza mwaka wa 2020 kwamba tangu 1975 sehemu nyingi za dunia zimezidi kujenga barabara zisizoungana. Huko Marekani, utafiti wao wa 2015 ulionyesha kuwa hali ilifikia upeo katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaanza kupata nafuu. Ubaya ni kwamba nyumba yaweza kubomolewa na kujengwa upya, lakini barabara ikishachorwa, wajukuu wataikuta palepale.

Utasema: na wezi je? Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, gari la kubeba wagonjwa nalo huuzunguka ukuta huohuo usiku wa manane.

Kwa hivyo kabla hujalipia ploti, mwambie wakala akuonyeshe ramani, na umuulize barabara inatokea wapi. Nanyi mnaoishi tayari ndani ya ukuta, katika mkutano ujao wa wakazi ombeni mlango mdogo wa miguu upande wa nyuma, ufunguliwe alfajiri na kufungwa giza liingiapo. Mtahitaji mlango, kufuli na bawabu mmoja.