Uso si sufuria: Chagua sabuni inayoelewana na ngozi yako

PITA Dubois Road au River Road jijini Nairobi Jumamosi mchana uone vile vijana wanavyouziwa uso mpya. Maduka ya vipodozi yamebanana, muziki uko juu, na mhudumu anakuita kabla hujafika mlangoni: "Supuu, kuja nikuonyeshe kitu ya chunusi!" Ukiwa mwanamume utaitwa boss na kuahidiwa kwamba hivyo vipele vya ndevu vitaisha wiki hii. Hakuna anayekuuliza ngozi yako ni ya aina gani, unaosha uso na nini, au maji ya kwenu yana chumvi. Dakika tano baadaye umetoka na vitu vitatu na nauli pekee.

Tuongee basi kuhusu kitu cha kwanza kwenye huo mzigo: sabuni ya uso. Inakaa usoni nusu dakika, kisha inaenda na maji. Ndiyo maana wengi wetu tunaichukulia poa, tunanunua ile yenye harufu tamu ama ile beste yetu anatumia.

Shida huanzia hapo. Sabuni kali hukausha ngozi. Ngozi ikikauka inawasha na kutoa vipele. Ukiona vipele unadhani ni uchafu, kwa hivyo unaongeza kusugua. Vipele vikipona, kwa sisi wenye ngozi nyeusi, vinaacha madoa ambayo hukaa miezi. Hapo ndipo mtu anakunong'onezea kuhusu krimu ya "kutoa spots". Wiki mbili za kwanza uso unang'aa hadi watu wanauliza siri. Baadaye unaanza kuogopa jua, kioo na kamera. Wengi walioingia kwa krimu za kuchubua hawakuwa wanatafuta weupe. Walikuwa wanafukuza doa.

Mimi si daktari. Hata chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana. Lakini kusoma maandishi nyuma ya chupa hakuhitaji digrii, na ukijua mambo machache hakuna mhudumu wa duka atakayekuzungusha.

Kukaza si usafi

Kuna imani mtaani kwamba uso ukioshwa ukakaza kama ngoma, ukitelezesha kidole unalia "kwii", basi umetakata. Hiyo ni sufuria. Uso haufai kulia.

Ngozi ya uso ina asidi kidogo. Kipimo chake cha pH ni karibu 5. Sabuni nyingi za kawaida za kipande huwa na pH ya 9 au 10, na ile ya kufulia nguo ndiyo usiguse kabisa. Sabuni ya aina hiyo huondoa jasho na vumbi la Thika Road, sawa, lakini pia inabeba mafuta ambayo ngozi yenyewe hutengeneza ili isipoteze maji. Ule mkazo unaousikia baada ya kuoga ni ngozi inayolalamika.

Maji nayo yana mchango. Kama unaishi Kitengela ama Mombasa, na maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, umeona vile sabuni ya kipande inakataa kutoa povu na kuacha utando kwenye beseni. Utando huo unabaki usoni pia. Hapo sabuni ya uso ya maji, ama kipande kilichoandikwa "soap free", hukaa vizuri zaidi.

Na povu jingi si ishara ya kazi nzuri. Sabuni ya uso inaweza kutoa povu kidogo, au isitoe kabisa, na bado isafishe.

Jaribio la nusu saa

Kabla hujatoa pesa, fanya jaribio hili. Halikugharimu kitu. Osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Kausha kwa kupapasa taulo, usisugue. Usipake chochote. Kaa nusu saa, kisha simama mbele ya kioo karibu na dirisha.

Uso ukiwa unang'aa kila mahali, ngozi yako ina mafuta. Ukikaza na kuonyesha vijigamba vyeupe kando ya mdomo na kwenye mashavu, ni kavu. Ukiwa unang'aa kwenye paji, pua na kidevu huku mashavu yametulia, yako ni mseto, na watu wengi wako hapo. Ukichoma, ukiwasha au kupata joto kila unapojaribu kitu kipya, ngozi yako ni nyeti, hata kama pia ina mafuta.

Rudia siku nyingine, kwa sababu ngozi hubadilika. Julai, watu wa Nairobi wanapooga maji moto sana kwa sababu ya baridi, uso hukauka kuliko Februari. Na yule ambaye uso wake ni mkavu akiwa Limuru anaweza kushuka Mombasa akaanza kung'aa kama chapati.

Ngozi gani, sabuni gani

Ngozi ya mafuta na chunusi: Tafuta sabuni yenye asidi ya salisiliki. Kwenye chupa utaona "salicylic acid", mara nyingi kati ya asilimia 0.5 na 2. Asidi hii huyeyuka ndani ya mafuta, kwa hivyo inaingia kwenye vitundu vya ngozi na kulegeza kile kilichoziba. Kwa chunusi zenye usaha na wekundu kuna "benzoyl peroxide", inayopunguza bakteria. Anza na ya asilimia 2.5, hakuna haja ya kurukia 10. Halafu tumia taulo jeupe, kwa sababu dawa hii hutoa rangi kwenye nguo. Mama asije akakuuliza ni nani alimwaga jiki kwa shuka.

Ngozi kavu: Wewe achana na povu. Tafuta sabuni laini, nzito kama losheni, yenye maneno "glycerin" au "ceramides". Ya kwanza huvuta maji na kuyashikilia, ya pili ni aina ya mafuta ambayo ngozi hutumia kujiziba isikauke. Asubuhi unaweza kuosha kwa maji tu na kuacha sabuni kwa usiku.

Ngozi mseto: Chukua sabuni laini ya kila siku kwa uso mzima. Kama pua na paji zinasumbua, tumia ile ya asidi ya salisiliki hapo pekee, mara mbili au tatu kwa wiki.

Ngozi nyeti: Orodha fupi ya viungo ndiyo rafiki yako. Tafuta "fragrance free", yaani isiyotiwa manukato, na ukae mbali na zenye chembechembe za kusugua. Jaribu kwanza nyuma ya taya siku tatu kabla ya kupaka uso mzima.

Kuosha kwenyewe kuna njia yake. Mara mbili kwa siku inatosha, na mara moja zaidi ukitoka mazoezini umelowa jasho. Tumia vidole, si ile sponji ya mwili. Nusu dakika, suuza, kausha, paka losheni isiyoziba vitundu. Chunusi haisababishwi na uchafu. Inatokana na homoni, mafuta mengi, seli zilizokufa na bakteria kukutana ndani ya kitundu kimoja. Huwezi kuisugua ikaisha.

Wanaume, na nyinyi pia

Ma-boy wengi wakiambiwa habari ya sabuni ya uso wanacheka, lakini wakienda kinyozi wanalipia scrub na taulo la moto. Hapo kwa kiti, uso uliotoka tu kunyolewa unasuguliwa chembechembe, kisha unapigwa spiriti. Nywele zetu zimejikunja, na ukizinyoa chini kabisa ncha hurudi ndani ya ngozi na kuleta vile vipele vya kidevuni. Kusugua siku hiyo hiyo kunaongeza kidonda juu ya kidonda, na kidonda kinaacha doa.

Mwambie kinyozi asikunyoe chini sana na aruke scrub. Uliza kama taulo limefuliwa tangu mteja aliyepita. Ukifika nyumbani osha kwa sabuni laini na upake losheni. Hakuna atakayekunyang'anya uanaume.

Dawa za jikoni

Ndimu na sukari, dawa ya meno juu ya chunusi, magadi usoni. Tumeona hizo video zote. Ndimu ina asidi kali kuliko ngozi inavyovumilia, na ukitoka juani nayo usoni inaweza kukuchoma na kuacha alama nyeusi zaidi ya ile uliyokuwa unaitibu. Chembe za sukari zinakwaruza. Magadi yana shida ile ile ya sabuni kali. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu, lakini kwa uso wenye chunusi yanaweza kuziba vitundu.

Watu wa Pwani wana singo na liwa, na siwezi kuvunjia heshima mila ya bibi harusi. Ila singo husuguliwa mwilini kabla ya sherehe. Si kitu cha kusugulia uso wenye chunusi kila asubuhi.

Ile krimu isiyo na jina

Sasa turudi kwa doa. Mwaka 2014, Lupita Nyong'o alisimulia kule Hollywood kwamba alipokuwa mdogo alimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe. Kama yeye alilibeba hilo, usishangae msichana wa Kayole akishikwa na maneno ya "light skin" pale anapouziwa sabuni.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu 1998. Bado vinaingia, vingine vikiwa sabuni za kipande na si krimu pekee. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia inaingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba inaharibu figo. Anayeosha na kushikwa mkono na wewe, mtoto wako akiwemo, anaweza kuipata pia. Krimu nyingine zina steroidi. Hizi hufanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, na ukiacha ghafla uso unalipuka vipele vibaya kuliko vya mwanzo. Ndiyo maana wengi wanashindwa kuacha.

Dalili za kukufanya uirudishe rafuni ni hizi: haina orodha ya viungo, inaahidi kung'arisha kwa siku saba, imepakiwa kwenye kikopo kisicho na jina, ama imeandikwa "mercury", "Hg", "calomel", "mercuric" au "mercurio". Onyo la ajabu kabisa ni lile linalokuambia usiguse dhahabu, fedha au alumini ukiwa umeipaka. Kitu kinachoharibu pete kinafanya nini usoni mwako?

Angalia pia alama ya ubora ya KEBS, au stika yao kwa bidhaa za kutoka nje. Nambari iliyopo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kupitia 20023. Kufanya hivyo kwa kaunta si kumkosea mwenye duka adabu. Ni pesa zako.

Ukiwa na pesa kidogo

Swali ninaloulizwa sana ni hili: nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu, ninunue nini? Nunua sabuni laini isiyo na manukato inayofaa ngozi yako. Ukipata ya pili, nunua losheni. Ya tatu iwe krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, kwa sababu jua hufanya madoa yakolee na kuchelewa kutoka, hata kwa ngozi nyeusi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu ni kali hata siku ambayo hulihisi.

Chupa ya zaidi ya elfu moja si lazima iwe bora kuliko ya mia chache. Linganisha viungo vitano vya kwanza nyuma ya chupa, maana vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Nunua duka la dawa au supamaketi unayoijua, na uweke risiti.

Kisha upe muda. Ngozi huchukua karibu mwezi kujibadilisha, na dawa ya chunusi inahitaji wiki sita hadi nane kabla ya kusema haifanyi kazi. Usiongeze vitu vitatu wiki moja, kwa sababu ikikataa hutajua ni kipi. Kama una vivimbe vikubwa vyenye maumivu, vinavyoacha mashimo, ama umeshatumia krimu ya kuchubua na hujui utaachaje, hiyo si kazi ya sabuni tena. Enda hospitali ya kaunti uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi, na ubebe kile kikopo. Hata kama unaona aibu, kibebe. Daktari akijua ulichopaka, nusu ya kazi imeisha.