Mashine Kuukuu Iuzwe Ingali Hai

Juma hili nina neno na wenye karakana. Zipo mashine za kukereza vyuma zinazoongozwa na kompyuta, ambazo mafundi huziita si-en-si. Fundi huingiza namba, na mashine ikakereza shafti ya kwanza na ya mia kwa kipimo kile kile. Mashine hiyo ikishazeeka, mwenyewe huizima, akaifunika turubai na kungoja mnunuzi. Nionavyo mimi, hapo ndipo anapoanza kupoteza fedha.

Sababu ni betri. Katika mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo zenye kompyuta za Fanuc ya Japani, hesabu za kiwandani zinazoiongoza mashine hutunzwa na betri ndogo. Mashine ikizimwa muda mrefu na betri zikaisha, hesabu hizo hufutika. Chuma kipo, akili imetoka. Mnunuzi aliyekuja na bei ya mashine ataondoka akitaja bei ya chuma chakavu.

Basi afanyeje? Kwanza, hesabu hizo azinakili pembeni, kisha abadilishe betri mashine ikiwa imewashwa. Akiizima kwanza, anaweza kuzipoteza zote. Pili, mnunuzi aikute ikifanya kazi. Kikerezwe kipande cha chuma mbele yake, kipimwe kwa maikromita huku na huku. Kipenyo kikilingana, bei imepata mguu wa kusimamia. Tatu, akusanye vitabu vya mashine, visu vya kukatia na taya za kushikia chuma. Bila hivyo mnunuzi atalazimika kuvitafuta, naye atapunguza bei.

Bei yenyewe isitokane na kiasi kilicholipwa zamani. Mnunuzi ana hesabu yake: kreni na lori la kubebea tani kadhaa, umeme wa fezi tatu, na vipuri vya kompyuta ambayo huenda mtengenezaji ameacha kuihudumia. Mwenye mali apige hesabu hiyo hiyo kabla hajafungua kinywa. Kasoro anazozijua azitaje mwenyewe, kwani mnunuzi akizigundua ataanza kutilia shaka hata yaliyo mazima.

Kwa mwenye karakana anayestaafu, mashine hiyo mara nyingi ndiyo pensheni yake. Asiiache ife chini ya turubai.