Skyrim na modi zake: kwa nini gemu iliyonakiliwa kwa fleshi hugoma kufunguka

Gemu ya Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na kwa umri wa gemu za kompyuta hiyo ni bibi kabisa. Lakini kwa kijana wa Mbinga mjini au Mbamba Bay mwenye laptopu ya mtumba, uzee huo ndio faida yake. Toleo la kwanza lilihitaji RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6 kwenye diski, kiasi ambacho kompyuta nyingi za mtumba zinacho. Toleo la 2016, liitwalo Special Edition, linataka RAM ya GB 8, na hapo wengi huishia njiani.

Kinachoifanya gemu hii isichoshe ni modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe na kugawiwa bure. Moja huongeza nyumba, nyingine hubadilisha hali ya hewa, nyingine humpa rafiki yako wa safari sura mpya. Modi kubwa inaweza kufika GB kadhaa, kwa hiyo mwenye kununua bando kwa siku au kwa wiki hapakui ovyo. Njia nyepesi ni ya mkono kwa mkono: mmoja anapakua, wenzake wanaleta fleshi.

Hapo ndipo malalamiko huanza. Folda nzima imenakiliwa, hakuna faili lililobaki, kwa mwenzako gemu inakimbia bila tatizo, lakini kwako inazima kabla hata ya orodha ya mwanzo kutokea. Au inafunguka bila modi hata moja. Wengi husema fleshi ina virusi au laptopu ni dhaifu. Mara nyingi sababu si hiyo. Ulichopewa ni modi. Mpangilio wa kuzipakia haukuja nazo.

Tueleze mpangilio huo ni nini. Skyrim inapowaka husoma kwanza faili lake kuu, Skyrim.esm. Baada ya hapo husoma faili za modi, moja baada ya nyingine, kwa mstari uliopangwa. Modi inayosomwa baadaye hulala juu ya iliyotangulia, na zote mbili zikigusa kitu kimoja, ya mwisho ndiyo inayotawala.

Mkulima wa Umatengo hahitaji kuelezwa sana juu ya jambo hili. Katika ngoro, nyasi hukatwa na kulazwa kwanza kwa mistari inayokatizana kama wavu, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia nyasi zile, na mbegu hufuata juu ya matuta. Nyasi, udongo na mbegu ni vilevile hata ukigeuza utaratibu, ila shamba utakalopata si ngoro, na mvua ya mteremkoni itakuonyesha tofauti.

Sasa chukua mfano wa Lydia, mlinzi ambaye mchezaji wengi wa Skyrim hupewa mapema katika mji wa Whiterun. Tuseme modi ya kwanza inamwongezea nguvu za kupigana, na ya pili inambadilisha uso. Mtu angetegemea kupata Lydia mwenye nguvu na uso mpya. Haiwi hivyo. Taarifa zote za Lydia zimo katika kumbukumbu moja, na gemu haichagui kipande huku na kipande kule; huchukua kumbukumbu nzima kutoka kwa modi ya mwisho. Ya uso ikiwa ya mwisho, nguvu zinapotea. Ya nguvu ikiwa ya mwisho, uso wa zamani unarudi.

Na si ajabu ukarudi vibaya. Umbo la uso na rangi yake hukaa katika faili nyingine pembeni, na faili hizo zina mashindano yake zenyewe, mbali na ule mstari wa modi. Kumbukumbu ikitoka modi moja na faili za uso zikatoka modi nyingine, Lydia anatokea na kichwa kisichofanana rangi na mwili. Kasoro hii inajulikana sana duniani, na watu wamefuta gemu nzima na kuiweka upya kwa ajili yake, wakati ilitosha kuhakikisha modi moja inashinda kotekote. Anayetaka vyote viwili hutumia kiraka, yaani modi ndogo inayounganisha taarifa za hizo mbili na kupakiwa baada yake. Wakati mwingine mtengenezaji ameshakitoa. La sivyo, programu ya xEdit hukuwezesha kukitengeneza. Kazi yenyewe inachosha kidogo, lakini inafundisha kuliko maelezo yoyote.

Kuzima mwanzoni kabisa kuna chanzo kingine. Modi nyingi humtegemea mzazi, yaani faili ambalo lazima liwepo na lisomwe kabla yake. Mzazi akikosekana, Skyrim haitoi onyo la maana, inajifunga tu. Mwenye fleshi anapochagua modi anazozipenda na kuziacha nyingine kwa sababu nafasi ni ndogo, huacha wazazi nyuma bila kujua. Pia kuna kikomo: toleo la kwanza linakubali faili 255 kwenye mstari, likiwemo Skyrim.esm lenyewe.

Turudi kwenye ule mstari uliopotea. Katika Skyrim orodha ya modi zilizowashwa, pamoja na mfuatano wake, imeandikwa katika faili dogo liitwalo plugins.txt. Faili hilo halikai kwenye folda ya gemu. Linakaa mbali, ndani ya folda ya mtumiaji wa Windows, sehemu ya AppData, ambayo kwa kawaida imefichwa. Unaponakili folda ya gemu, linabaki kwenye kompyuta ya rafiki yako. Kaka yake mmoja mkubwa hakuwa hivyo. Morrowind ya 2002 hufuata tarehe ya kila faili, na orodha ya zilizowashwa iko katika Morrowind.ini, humohumo ndani ya folda ya gemu. Kwa hiyo ukiinakili Morrowind, kwa kawaida mpangilio unakuja nao. Mtu aliyezoea ile ya zamani ana haki ya kushangaa.

Dawa iliyo bora, kwa maoni yetu, ni kuacha kumwaga modi ndani ya folda ya gemu. Programu ya bure iitwayo Mod Organizer 2 huweka kila modi katika folda yake, na gemu huonyeshwa zikiwa pamoja pale tu inapowashwa. Ukiiweka kwa namna ya kubebeka, modi na mpangilio wake vyote vinakaa katika folda moja kuu. Ukinakili folda hiyo, umenakili na mstari. Fundi anayewawekea vijana gemu kibandani akifanya hivi mara moja, atapunguza wateja wanaorudi kulalamika.

Kwa aliyekwisha kuharibikiwa, LOOT ni msaada wa haraka. Hupanga mstari kwa kutumia orodha iliyokusanywa na watu wanaojitolea, na hukuambia mzazi gani hayupo. Inahitaji intaneti kidogo ya kuchukua orodha hiyo, kisha inaweza kupanga bila bando. Isipoifahamu modi yako, itakadiria kwa kuangalia yaliyomo, na hapo macho yako yanahitajika.

Wenye gemu ya Steam wana jambo moja zaidi la kuangalia. Modi kadhaa hutegemea programu ya SKSE, ambayo lazima ilingane na namba ya toleo la gemu. Novemba 2021 Special Edition ilisasishwa, na modi nyingi za namna hiyo zikagoma siku hiyohiyo. Iambie Steam isisasishe mpaka unapoiwasha gemu mwenyewe, na ikiwa modi zako zimeshatulia, cheza bila mtandao. Toleo la 2011 halina usumbufu huo, kwa kuwa liliachwa kusasishwa miaka mingi iliyopita.

Mwisho ni sevu, na hapa hasara huwa kubwa kuliko bando, kwa sababu ni wiki za mchezo. Modi zenye skripti huacha alama ndani ya sevu. Ukiifuta modi katikati ya safari, alama zile hubaki zikitafuta kitu ambacho hakipo, na athari zake zinaweza kujitokeza siku nyingi baadaye. Kusogeza modi juu au chini kwa kawaida kuna hatari ndogo kuliko kuiondoa. Kabla ya kuongeza chochote, tunza sevu mpya isiyofutiwa juu yake, na nakala yake iwe kwenye fleshi, maana umeme ukikatika wakati gemu inatunza, faili hilo linaweza kuharibika. Ukilazimika kuondoa modi yenye skripti, anza tena kutoka sevu ya kabla haijawekwa.