Kunyamazisha Bodi ya Land Rover ya Zamani

Gonga mlango wa Land Rover Series III kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Utasikia mlio mrefu, mwembamba, usiotaka kuisha. Sasa bandika kiganja cha mkono wa pili katikati ya bamba lile, kisha ugonge tena. Tu! Basi, mlio umekufa. Mpiga ngoma hakufundishwa hilo shuleni. Akitaka ngoma inyamaze, huilazia mkono. Aliyekielewa kiganja hicho ameshajua nusu ya kazi ya kupunguza kelele ndani ya gari la zamani. Nusu nyingine ni matundu.

Gari hili halikuundwa kwa ajili ya mazungumzo. Gari la kwanza la Land Rover lilipoonyeshwa mjini Amsterdam, Aprili 30, 1948, Uingereza ilikuwa bado ina uhaba wa chuma baada ya vita, na ndugu wawili wa kampuni ya Rover, Maurice na Spencer Wilks, walikuwa wamelivisha bodi ya aloi ya alumini. Bamba la alumini lina uzito wa karibu theluthi moja ya bamba la chuma lenye unene uleule. Wepesi huo ni neema kwenye matope, lakini masikioni ni balaa, kwa maana ukuta mwepesi hauzuii sauti: ukiuongezea uzito mara mbili ndipo sauti inayopenya inapungua kwa desibeli 6 hivi. Isitoshe, mabamba yenyewe ni mapana na bapa. Paa la mviringo la Volkswagen Beetle hukakamaa kwa umbo lake. Ubavu wa Land Rover hutetemeka kama ngozi iliyowambwa. Aliyesafiri kwenye viti vya nyuma vya kutazamana, magoti kwa magoti, anakumbuka: unampigia jirani ukelele kumwuliza jambo, naye anakujibu kwa nyusi.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Zikiongezeka 10, imekuwa mara kumi, ingawa sikio litaapa kwamba ni mara mbili tu. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, kwenye 88 zaidi ya saa 4, na kwenye 91 zaidi ya saa 2. Kwa hiyo kupunguza desibeli 3 ambazo dereva hatazitambua sana kunamwongezea muda wa usalama maradufu.

Wengi wakitaka kuanza hukimbilia sponji. Ni kosa. Anza na matundu, na hesabu yake ni fupi. Chukulia kwamba ukuta uliopo kati ya injini na miguu yako haupitishi sauti hata chembe, isipokuwa kwenye matundu ambayo kwa jumla ni asilimia 1 ya eneo lake. Asilimia 1 ya sauti itapita, maana yake upunguzaji umekomea desibeli 20, hata ukibandika godoro zima. Matundu yakishuka hadi asilimia 0.1, unafika 30. Usiku, mtu mmoja aketi ndani, mwingine amulike tochi kutoka upande wa injini na chini ya sakafu. Panapoingia mwanga panaingia kelele: kwenye pedali, nyaya zinapopita, kifuniko cha giaboksi, raba za milango zilizokauka.

Baada ya hapo ndipo kiganja kirudi. Kazi yake hufanywa na karatasi nzito za mpira wa butili zenye ngozi ya alumini juu. Bamba likipinda, ngozi ile hukataa kurefuka nalo, mpira uliobanwa katikati unavutwa huku na huku, na mtetemo unageuka joto dogo usiloweza kulihisi kwa mkono. Huna haja ya kufunika bamba zima. Robo hadi theluthi, pale katikati, inatosha. Anayekuuzia lami ya kuzibia mapaa, mshukuru uende zako: jua la saa saba litailainisha na gari litanuka barabara mpya.

Sakafuni tandika mpira mzito juu ya tabaka laini, ili uzito uelee badala ya kushikana na bodi. Sponji ije mwisho, na usiitwishe isichokiweza. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hulipua mara 100 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 3.4. Sponji hufanya kazi vizuri unene wake unapokaribia robo ya wimbi. Ya sentimita 2 itameza miluzi ya upepo. Ngurumo itaipita kama haipo. Dawa ya ngurumo iko kwenye raba za kushikilia injini na kwenye silensa.

Jambo moja lisisahauliwe: Land Rover ya umri huo huvuja maji, na sponji inayonyonya hukaa na unyevu miezi. Alumini na chuma vikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Sakafuni tumia sponji ya vitundu vilivyofungwa, acha wazi matundu ya kutolea maji milangoni, na usisogeze chochote kinachoshika moto karibu na bomba la moshi.

Mimi ningeishia pale ambapo wawili wa mbele wanaongea bila kupaza sauti. Giaboksi iachwe ilie kidogo, kwa sababu beringi inayokufa hujulikana kwanza kwa mlio wake.